Bika Haikupata Joto

Data, baba yangu,

Huko uliko najua hutaki salamu ndefu. Hata ulipokuwa hai ulikuwa unatukatisha: "Haya, sema shida." Shida ilikuwa asidi.

Sasa naendesha maabara ya sekondari hapa Kibondo, kazi ileile uliyoifanya Kasulu mpaka ukastaafu. Wiki iliyopita ilikuwa asubuhi ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, watoto arobaini, na mimi ndiye wa kuwaandalia lita tano za asidi ya salfuriki, nguvu yake molari 0.05. Hesabu hiyo naifanya hata nikichambua maharage. Lebo ya chupa inasema asilimia 98, densiti 1.84, kwa hiyo asidi kali ina molari kumi na nane na ushee. Nahitaji mililita 13.6 tu. Nikazipima, nikazimimina ndani ya maji.

Unakumbuka ile likizo uliponichukua kwa miguu kutoka Heru Juu, nikiwa darasa la sita, ukanisimamisha nyuma yako kwenye maabara? Ulikuwa unamimina asidi kwenye maji huku unasema "buhoro buhoro," polepole, kama mtu anayemnywesha mtoto uji. Halafu ukanishikisha bika, kile chombo cha kioo, kwa nje. "Inasemaje?" Nikajibu imepata joto. Ukasema, "Basi asidi ni ya kweli. Lebo ni maneno ya mtu tu." Nilijiona mkubwa siku ile, nikawaringia wenzangu mwezi mzima.

Nami wiki iliyopita nilishika bika, nikaikuta baridi. Unajua nilifanya nini? Niliamini lebo! Ndiyo, mimi, mwanao. Nikajiambia hesabu iko sawa, mengine mbwembwe za wazee.

Bahati nzuri, kupima mwenyewe kabla ya watoto sijawahi kuacha. Saa kumi na mbili na nusu nikaweka mililita ishirini na tano za alkali kwenye chupa, matone mawili ya kiashiria cha rangi, pinki hiyo. Nikafungua bureti, mrija wa kudondoshea asidi; kwenye mililita ishirini na tano pinki ilitakiwa kuondoka. Ishirini na tano zikapita, pinki ipo. Arobaini, ipo. Hamsini, bureti imekauka na pinki imenikodolea macho.

Nikamwita Mama Stoo, anayetunza vifaa vyetu. "Mama, kwenye chupa hii yenye lebo ulijaza nini?"

"Si ni asidi, Madam! Ile ya zamani iliisha, nikanunua kwa fundi betri. Dumu lilikuwa linavuja, nikaona niihifadhi vizuri kwenye chupa yake."

Jamani! Asidi ya betri imeshazimuliwa kwa maji tangu huko ilikotoka. Na mama wa watu alifanya kwa roho safi kabisa.

Mkuu wa shule akaingia. "Madam, watoto wako mstarini. Waache wafanye, si wote watapata sawa?"

Sawa ya nini, wakati rangi haitabadilika kwa yeyote? Na mimi najua mtoto anafanya nini rangi ikigoma. Anabuni namba. Nilibuni mimi mwenyewe, Data, kwenye mtihani wangu hukohuko shuleni kwako, mwaka ule mwalimu wenu mwenye digrii alipokosea hesabu ya asidi. Jioni ukatuambia mezani, "Nililiona kosa." Uliliona na ukanyamaza! Nikakuita mwoga mbele ya mama. Ulisema tu, "Ugali unapoa."

Basi nikamwambia mkuu, "Hawaingii. Hii naimwaga."

"Muda ukipita nitaandika kwamba ni wewe."

"Andika, mkuu. Jina langu unalijua."

Nikapunguza alkali hadi mililita kumi ili bureti itoshe, nikapima upya. Pinki ikaondoka kwenye arobaini na tatu. Nikapiga hesabu kwa kurudi nyuma: asidi ya kwenye chupa ilikuwa molari 4.3 hivi, siyo kumi na nane. Nilihitaji mililita hamsini na nane na nusu. Mama Stoo akaniletea maji, mimi nikamimina, na sikuwa na haraka hata mkuu alipokuwa anakohoa mlangoni. Nikapima mara ya mwisho: ishirini na tano, kasoro tone moja au mawili. Saa mbili kasoro dakika tano nikafungua mlango. Watoto walipata majibu yao, na mkuu hakuandika chochote. Alinipa mkono.

Kazi naijua, Data, na sasa wanajua kwamba naijua. Lakini kuna jambo sikumwambia mtu. Nilipomjibu mkuu, niliogopa. Mimi, mwenye cheti, ajira ya serikali na kitambulisho cha uraia! Wewe mwaka ule ulikuwa kibarua wa maabara, mkimbizi kutoka Burundi, na maombi yetu ya uraia yalikuwa bado mezani kwa wakubwa. Mtu mmoja kukukasirikia kungetosha yatupwe. Ulikuwa na watoto watano nyuma yako, na mmoja wao ndiye aliyekuita mwoga.

Nimekaa na neno hilo miaka yote nikidhani nilikuwa na haki. Sikuwa nayo. Uliacha mtihani wangu uharibike ili nipate nchi ya kusimama, na wiki iliyopita nilisimama juu yake.

Nisamehe, baba. Lala salama.

Binti yako mkubwa