Njiti Hakuruka

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumapili mchana.

Mpendwa Dada,

Hujambo wewe, na nyumba yako haijambo? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa na kujidai ni vumbi? Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto anatembea na kugombana na kila mtu kama kawaida yake. Watoto wako hawajambo. Yule wa mwisho ameng'oka meno ya mbele, sasa anaongea kwa kupuliza.

Uliniuliza kama bado nina kichaa cha michezo ya theluji. Bado ninacho. Nakuonea wivu, Dada, na unaniudhi pia. Wewe unaishi kwenye theluji yenyewe na kazi yako ni kuilalamikia, wakati mimi, ambaye barafu yangu yote iko kwenye friji, ndiye ninayejua nani anaongoza. Naipenda ile ya kuruka kuliko zote. Mtu amekaa juu kabisa ya mteremko, kwenye boriti, mbao ndefu miguuni, taa inawaka kijani, kocha anashusha bendera, anateremka kwa kasi, halafu anaiacha ardhi. Hapo mimi huwa nimeshasimama, mikono kichwani.

Lakini sikufichi, raha hiyo imeingia doa tangu shemeji yako aanguke kutoka paa la ghala mwaka jana. Tulianza kutazama pamoja alipokuwa kitandani na mguu wake umening'inizwa. Mimi nikitazama wanavyoruka, yeye alitazama wanavyoanguka. Na televisheni nayo haina haya. Mtu akianguka wanamrudia tena na tena, polepole, kutoka kila upande. Mimi hufumba macho. Yeye hafumbi. Atasema mguu wa kushoto ulitangulia, au upepo ulimkamata begani, kisha atajisugua nyonga.

Sasa nikwambie kinachonikosesha raha. Daktari amesema mfupa umeunga, na msimamizi wake kazini anamtaka kesho arudi juu ya paa. Shemeji yako aliitikia bila kusita, na kila mtu akampongeza. Ila mimi mkewe ndiye ninayeishi naye. Juzi alipanda ngazi kubadilisha taa ya barazani, ngazi fupi tu ya nyumbani. Nilimwona amesimama katikati, vidole vimeng'ang'ania chuma, jasho linamtiririka shingoni. Alishuka na taa mpya mkononi, akasema ile ya zamani bado nzima. Haikuwa nzima. Tangu siku ile barazani ni giza na hakuna anayeuliza.

Jana ndiyo ilikuwa fainali. Msimamizi alipita kumletea mkanda mpya wa usalama, akakaribishwa, akakaa nasi kutazama huku mkanda umemlalia mapajani. Mama alikuwa kwenye kiti chake. Mimi namshabikia Njiti, yule kijana mwembamba ninayekuandikia habari zake mpaka unachoka. Kule juu upepo ulikuwa unazichapa bendera. Njiti akakaa kwenye boriti, taa ikabaki nyekundu, wakamwondoa. Akarudi, wakamwondoa tena. Alipokaa mara ya tatu, ikawaka kijani. Kocha akashusha bendera. Njiti hakuondoka.

Dada, nilipiga kelele. Ruka! Ruka wewe! Msimamizi naye anajipiga paja, ruka! Sekunde zinayoyoma pale kwenye kona ya kioo. Njiti akatazama chini, akatikisa kichwa, akajisogeza pembeni taratibu na kushuka kwenye boriti. Basi, akawa ametolewa mashindanoni.

Msimamizi alicheka mpaka akapaliwa. "Mwoga huyo! Alikuja kupigwa picha?" Nami, Mungu anisamehe, nilimwita Njiti jina ambalo hata kwenye barua siliandiki.

Shemeji yako hakucheka. Alikuwa anamtazama kijana akivua kofia yake ngumu. Safari hii televisheni haikurudia chochote polepole, walihamia kwa mshindani mwingine. Akasema, kama anayejisemea mwenyewe, "Kumbe mtu anaweza kushuka."

Halafu akamgeukia msimamizi na kumwambia Jumatatu hapandi. Akaomba awekwe chini, kwenye meza ya kukunja mifereji ya bati, kazi anayoijua tangu alipokuwa anajifunza ufundi. Sauti ilikuwa inatetemeka, lakini maneno yalitoka yote. Msimamizi alidhani anataniwa, akanigeukia ili tucheke wote. Sikucheka. Akanyanyuka, akasema atafikiria, jibu atalitoa Jumatatu asubuhi, na mkanda akauacha kwenye kochi. Mama akamwita shemeji yako. "Mwanangu, njoo ule."

Mpaka leo hatujui kama kesho ana kazi au hana. Mkanda bado uko pale kwenye kochi, na sote tunakaa upande wa pili.

Nakueleza wewe kwa sababu siwezi kumweleza mwingine. Nilifurahi sana, na papo hapo kuna kitu ndani yangu kiliumia. Mtu huyu nilimpenda nikimwangalia anavyotembea juu ya mapaa kama yuko sebuleni kwake. Sitaki apande tena, naapa. Lakini jana mdomo uliopiga kelele "ruka" ulikuwa wangu, na alikuwa amekaa ubavuni mwangu anausikia.

Nisalimie mumeo na wanangu wote wawili. Mama anakusalimu, anasema uvae soksi. Watoto wanamsalimu mama yao mkubwa. Mungu akushike mkono kwenye hizo barabara zenu zinazoteleza, akurudishe nyumbani salama kila jioni.

Barua hii ikikufikia, msimamizi atakuwa ameshatoa jibu lake, liwe zuri liwe baya. Nawe nakujua, ukimaliza kuisoma utanyanyua simu. Mpigie shemeji yako, atafurahi. Mtanie, muulize habari za watoto. Ila kila ukimpigia humwambia ajikaze, yeye ni mwanaume, asiogope kitu. Yeye anakushukuru kwa heshima, kisha anakaa na simu mkononi muda mrefu. Nakuomba sana, Dada yangu, safari hii usimtie moyo.

Ni mimi, mdogo wako akupendaye siku zote.