Verset niliyomuandikia Hulda

Josaphat, soma yote mbele ya kunipigia.

Ézéchias, bwana ya binti yangu Hulda, amenipigia simu sasa hivi kutoka Beni. «Asante papa kwa ile verset.» Asante! Na alikuwa anacheka.

Unakumbuka Hulda alikuja hapa Butembo na jicho limevimba. Nikamuandikia mustari wa Matayo tano kwenye karatasi kwa mwandiko wangu muzuri, nikamurudisha kwa bwana yake: geuza shavu la pili, mama, vumilia. Ile karatasi Ézéchias ameipigilia ukutani. Anamusomesha ile verset kwanza, kisha anamupiga. Alinieleza mwenyewe. Mwandiko wangu, Josaphat!

Nikaomba kuongea na Hulda. Akaniuliza polepole: «Papa, Yesu mwenyewe alipopigwa kofi, aligeuza shavu?»

Nikajibu ndiyo. Mimi, mufundishaji wa Biblia! Simu ikakatika.

Nikafungua Yoane kumi na nane. Hakugeuza. Aliuliza yule mutu: mbona unanipiga?

Miaka makumi ine ninasoma mistari hiyo miwili, na sikuiweka pamoja hata siku moja. Namna ya kuipatanisha siijui. Simu ya Hulda imezimwa. Naogopa, ndugu yangu.

Kwa desturi yetu, aliyesimamia mbuzi za mahari ndiye anaweza kumudai binti arudi. Donc ni wewe, uliyesimamia zile za Hulda. Vaa koti, nakungoja kwenye parking ya moto, tupande pikipiki twende Beni.

Nikimukuta muzima, neno la kwanza nitamuambia kwamba nilimujibu vibaya.