Punda Aliposikia Filimbi

Mtoni, Temeke

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mie mzima, ila mgongo umechoka na mifuko ya saruji. Nakuandikia kwa kuwa jambo hili lingenishinda kulisema kwenye simu.

Wiki iliyopita nilipata kibarua kingine. Vijana kumi wa Mwananyamala walikwenda kutembea siku tatu kwenye vilima vya Pugu, mizigo yao ikabebwa na punda wawili wa tajiri yangu, wale wanaobeba maji mtaani. Nikachaguliwa mie kwa kuwa natoka Kondoa, kwetu kwenye punda. Punda hao nimewazoesha kama Baba alivyotufundisha: wakinywa, nawapigia mluzi. Sikumwambia mtu.

Siku ya pili Sista Rehema, kiongozi wao, akapiga filimbi kuwaita waliobaki nyuma. Punda mmoja akasimamisha masikio, akanichomoka mkononi, akatimua mbio bondeni na shogi zake mbili, ile mifuko ya ubavuni, zimejaa mizigo.

"Braza, usafiri wako umekukimbia!" Wakacheka.

Kicheko hakikudumu. Zuhura, binti mwenye pumu, alikuwa ameshakaa chini, anatafuta pumzi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa kwenye shogi.

"Huyu punda kapatwa na nini?" Sista akaniuliza.

Nikanyamaza. Niliona kibarua kinaondoka. Halafu nikaona midomo ya Zuhura inabadilika rangi.

"Kosa langu, Sista. Akisikia filimbi anajua anaitwa maji."

Bonde lilikuwa kavu, asingepata kitu. Nikachukua dumu letu la mwisho la maji, nikamimina kwenye sufuria.

"We mzee, hayo ndiyo ya kunywa!" kijana mmoja akapaza sauti.

"Mwacheni," Sista akasema.

Nikapiga mluzi. Kimya. Nikapiga mpaka midomo ikakauka. Ndipo vichaka vikatikisika, akatokea, shogi moja inaning'inia tumboni. Dawa ilikuwamo. Zuhura akavuta, akavuta tena. Tukasubiri.

"Nipo," akasema.

Sista hakunifukuza. Anataka niende nao tena mwezi ujao. Sijamjibu, Mama. Nilinyamaza kidogo tu, lakini nilinyamaza nikijua. Mtu wa hivyo apewe tena watoto wa watu? Hapo usimsomee Baba. Soma peke yako, unijibu.

Nisalimie dada Mwanaidi na shemeji, na bibi jirani anayekuchotea maji.

Mwanao anayengoja jibu lako,
Hamisi