Mama anauliza abonyeze wapi

Mwenzangu, nimejifungia chooni hapa ofisi ya maji.

Unamkumbuka yule mama anayepokea simu za malalamiko, niliyekaa naye wiki nzima ili nijue mfumo wa kompyuta ninaowatengenezea ufanye nini? Aliyenipa kiti chake, yeye akakalia ndoo?

Leo nimeuonyesha mfumo mbele ya wote. Mteja anaandika bomba limepasuka, taarifa inaenda moja kwa moja kwa fundi wa mtaa huo. Watu wakapiga makofi. Mama naye, tena kuwashinda wote!

Kisha akauliza: "Hongera mwanangu. Sasa mimi nabonyeza wapi?"

NABONYEZA WAPI. Yaani hakuna! Kila alichonieleza nimekiingiza humo, hadi fundi yupi huwa hapokei simu. Yeye mwenyewe sikumwekea hata kitufe kimoja. Sikuambiwa nimwekee, na wala sikuuliza.

Mkurugenzi akacheka. "Mama, wewe sasa utapumzika."

Utapumzika! Mshenzi yule, alijua tangu siku ya kwanza. Mimi aliniambia "unamrahisishia mama kazi," nami nikaenda kumwambia mama hivyohivyo, kwa mdomo wangu huu.

Unajua mama alijibu nini? Alimshukuru. ALIMSHUKURU.

Halafu akanifuata kwenye korido, akanishika mkono, akaninong'oneza: "Mwanangu, hiyo likizo umeniombea ya siku ngapi?"