Nambari 0238

Jumatatu, 7 Septemba 1998

Kazi mpya! Meneja ameniwekea mezani diski mbili na kimashine chenye taa nyekundu na mkia wa waya. Kila mchumaji wa shamba hili atavaa kadi yenye mistari. Akifika kwa mizani, kadi inamulikwa, kilo zake zinaingia zenyewe kwenye kompyuta. Hiyo mistari nitaitengeneza mimi, kwa Excel. Nambari zote 412. Wiki mbili.

Nimesema ndiyo. Ningesema nini? Niko kwa majaribio hadi Desemba.

Swali moja sikuuliza: karani wa mizani naye atafanya nini? Karani wa mizani ni Baba. Miaka ishirini na sita anapima majani ya chai na kuandika daftarini kwa mkono wake.

Jumatano, 9 Septemba

Haisomi. Nimeweka fonti ya mistari, nambari zikageuka mistari mizuri kabisa, nikachapisha, nikamulika — kimya. Siku nzima kimya. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 10 Septemba

Nyota! Kila nambari lazima iwe na nyota mbele na nyota nyuma, ndipo mashine ijue pa kuanzia na pa kuishia. Imeandikwa ukurasa wa pili wa maagizo, na mimi niliishia wa kwanza. Halafu Excel inakula sifuri za mbele. 0017 inabaki 17. Nimeiambia safu nzima ni maneno, si hesabu, ikatulia. Nikamulika. Tiii!

Nimecheka peke yangu ofisini. Kisha nikataka kukimbia nyumbani kumwambia Mama. Miezi saba sasa, na bado nasahau.

Jumanne, 15 Septemba

Leo nimefika kwenye jina la Mama. Rodah Chelangat, 0238. Ofisi ya mishahara haikulitoa kwenye orodha alipofariki.

Hapa kwenye kambi ya wachumaji nambari haizikwi na mtu. Mchumaji akizeeka au akifa, binti yake anaichukua, au mke wa mwanawe, na kikapu pamoja nayo. Mama aliipata kwa nyanya. Ilikuwa ije kwangu, ila mimi nikaenda koleji ya kompyuta mjini Kericho, na Mama ndiye aliyenisukuma niende. Baba hajampa mtu mwingine. Jina la Mama bado liko kwenye daftari lake la mizani, na kila siku anaweka kistari mbele yake, alama ya asiyechuma. Nimekiona kwa macho yangu.

Meneja amesema, tena kwa upole, asiyechuma atolewe kwenye orodha.

Nimefuta jina. Nambari yenyewe nimeshindwa. Nilibonyeza bila kuangalia vizuri, kompyuta ikauliza kama walio chini wapande juu, nikakubali. Kisha nikaenda chooni nikalia. Niliporudi niliona chini kabisa imebaki nambari moja bila jina. Nikafikiri ni ya akiba.

Ijumaa, 18 Septemba

Kadi 411, zote zimevikwa plastiki. Vidole vimeungua. Nalala mapema.

Jumatatu, 21 Septemba

Siku ya kwanza. Baridi, umande mpaka magotini. Kila kadi ilipolia, wachumaji walicheka. Mama Lenah alimulikwa mara mbili kwa kupenda tu. Yeye na Mama walichuma mstari mmoja tangu wakiwa wasichana, yeye Mkisii na Mama Mkipsigis, wakifundishana lugha kwa kutukanana.

Baba alikuwa pembeni na daftari lake. Anaandika sambamba na mashine wiki hii moja ili zilinganishwe, kisha apelekwe stoo. Mama Lenah alipoinama kuweka kikapu, Baba alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha akaandika kilo zake.

Jumanne, 22 Septemba

Mvua ya mawe mchana. Mashine inafanya kazi. Meneja amenipa mkono.

Alhamisi, 24 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Meneja alichapisha kilo za siku tatu, nambari tupu bila majina. Nambari 0238 ina kilo 131. Nambari ya marehemu! Na kuanzia hapo kwenda chini, daftari la Baba na kompyuta havipatani hata kwa mtu mmoja. Akalipekua daftari. Akakuta jina la Mama, na vistari vyake.

Hakupaza sauti. Alisema mzee amekuwa akichota majani ya watu na kumpimia mkewe aliyekufa. Mwizi, basi. Jumatatu saa nne atie sahihi barua ya kuacha kazi, na nyumba ya kambi airudishe. Asipotia sahihi, polisi. Kisha akanigeukia na kuniambia, akiwa na fahari kabisa, "Kompyuta yako, Tecla, haina mume wala mke."

Baba alisimama pale na kofia mkononi. Aliulizwa mara mbili kama ana la kusema. Akasema hana.

Nimemkasirikia. Kwa nini hakujitetea? Na nimejikasirikia zaidi, kwa sababu kwa dakika moja, moja tu, niliamini.

Ijumaa, 25 Septemba

Mama Lenah alinifuata dirishani wakati wa chai. Akaivua kadi yake shingoni, akaweka kidole chini ya mistari, penye nambari ndogo.

"Tecla, mimi ni 0239 tangu wewe ukibebwa mgongoni. Hii si ya mama yako?"

Nilifungua orodha. Majina yote chini ya Mama yamepanda hatua moja. Nambari zimebaki pale pale. Mama Lenah amevaa nambari ya Mama, jirani yake amevaa ya Mama Lenah, hivyo hivyo mpaka mwisho. Watu 174 wanachumia wenzao. Kadi zinasoma vizuri sana. Zinasoma uongo wangu.

Baba hajaiba hata jani.

Jumapili, 27 Septemba

Baada ya kanisa nilimkuta Baba nyuma ya nyumba akifunga vitu vyake kwa kamba. Nikamwambia yote. Hakushangaa. Aliiona kadi ya Mama Lenah Jumatatu asubuhi, ya kwanza kabisa.

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema mashine ikishazoeleka, yeye hana kazi tena, hata huko stoo, ni suala la wiki tu. Mimi nina miaka mingi mbele. Wakijua ni mimi, Desemba haitafika. Mtu mmoja akifukuzwa inatosha.

Nikasema sitaki kazi ya namna hiyo. Akaendelea kufunga kamba. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Tangu Februari namwandikia mama yako vistari. Siku tatu hizi alipata kilo. Nikaona wacha azipate."

Hapo nililia mpaka kuku wakakimbia. Amenikataza kusema kitu kesho. Sijawahi kumkaidi Baba.

Jumatatu, 28 Septemba. Mezani, saa nne kasoro dakika chache

Nimekuja mapema. Nimeingiza jina la Mama mahali pake, hivyo tu, na wote 174 wakashuka kila mtu kwa nambari yake. Nikazipanga upya kilo. Zinapatana na daftari la Baba mpaka mtu wa mwisho. Mbele ya Mama hakuna kitu.

Baba amefika. Amevaa koti la mazishi. Mlango wa meneja uko wazi, namwona Baba amekaa kwenye ukingo wa kiti. Barua iko mbele yake.

Meneja anaita nilete karatasi ya kilo.

Ziko mbili hapa. Ya Alhamisi, na ya leo.

Baba amenitazama. Anatikisa kichwa, kidogo tu. Hapana.

Meneja ameita tena. Baba ameshika kalamu. Ya Alhamisi naifunika kwa daftari langu hili, ya leo naichukua