Unene Wangu na Njaa ya Baba

Jumatatu, 3 Februari
Baba amenileta shule kwa gari tena. Njiani soseji mbili na soda. Nimemaliza kabla ya geti. Kalekye, rafiki yangu, hutoka mbali kuliko mimi, kwa miguu, na hufika akiimba. Hesabu ilikuwa ngumu.

Jumanne, 4 Februari
Nesi alikuja kutupima. Mizani mbele ya darasa lote. Nilipopanda mtu akasema, "Itavunjika!" Wakacheka. Kalekye hakucheka. Nesi alisema Kalekye ni mwembamba mno, mimi mnene mno. Tukasimama kando pamoja.

Nachukia darasa letu.

Jioni nikasema nimeshiba. Baba akaniongezea wali. "Kula, mwiitu wakwa, mwanangu. Mimi nilikulia Kivaa. Mvua ikikosa, tulilala na uji wa chumvi. Binti yangu hatalala njaa nikiwa hai." Nikala. Sasa ana duka la mabati na simiti, na watu wakisema nimenona, anacheka kama amesifiwa yeye.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeacha kula mchana. Chakula nampa Kalekye. Mama yake hulima mashamba ya watu, na siku zingine mkebe wa Kalekye hauna kitu. "Na wewe?" ananiuliza. Nasema nimeshiba. Chai ya asubuhi namwaga.

Jumatano, 12 Februari
Kichwa kinauma. Kalekye amekataa chakula changu. Nimemwambia akisema kwa mtu, urafiki umeisha.

Ijumaa, 14 Februari
Nimeanguka tukicheza netiboli. Nakumbuka jua, halafu uso wa Kalekye. Alimwambia mwalimu kila kitu. Nilimchukia.

Hospitalini daktari alinipima, akamwambia baba, "Presha yake iko juu kwa umri wake. Na leo ameanguka kwa sababu ya njaa."

Baba alisimama. "Njaa? Mtoto wangu?"

Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Daktari alimkalisha. Akasema anaona wengi kama mimi, watoto wa nyumba zenye uwezo. Gari mpaka mlangoni, soda, chipsi, kukaa mbele ya TV. "Hukumnyima kitu, mzee. Umempa kupita kiasi. Na wewe Mutheu, usijiadhibu. Kula, lakini kula vizuri."

Jumamosi, 15 Februari
Asubuhi mezani. Mama ndiye aliyeanza. "Baba Mutheu, unene si utajiri."

Baba akasukuma sahani kando. "Kwetu, mtoto akiwa mnene, hakuna mtu alimcheka baba yake. Nilitaka watu waone." Kisha akanigeukia. "Nisamehe."

Nilimshika mkono.

Jumatatu, 17 Februari
Tumetembea kwenda shule, mimi na baba. Anahema kuliko mimi! Kufika geti shati lake lote limelowa jasho.

Nimemshukuru Kalekye. "Nilidhani utaninunia mpaka tumalize shule," akasema. Tukacheka mpaka mwalimu akatuangalia. Mama alitupikia isyo, mahindi na maharagwe, ya watu wawili. Alimpigia mama Kalekye simu kwanza, asije akaona ni sadaka. Mama Kalekye alikubali, akatuma ndizi za mgomba wa nyumbani kwake.

Wengine bado wananicheka. Inauma. Lakini nimekula mchana.

Jumapili, 2 Machi
Baada ya kanisa tumepanda njia ya vilima vya Iveti, mimi, baba na mama. Baba akakaa juu ya jiwe kupumzika. Akasema akiwa shule ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa mbio, miguu mitupu, hakuna aliyemfikia Kivaa nzima.

"Huyu?" mama akauliza, akicheka.

Baba akainuka kutuonyesha. Alikimbia kidogo tu, akasimama, akashika kiuno. Nikamkimbilia. Nilifika nikihema, naye akanishika bega, tukangoja mama afike.

Mungu, asante kwa hawa wawili. Na kwa Kalekye, ambaye hakunyamaza.

Tulirudi polepole. Upepo ulikuwa mzuri.