Kwa Bakari, Aliyeweka Kisu Chini

Mpwa wangu Bakari, popote ulipoamkia leo,

Anayekuandikia unamjua, na Kariakoo nzima inamjua: mimi nikikohoa asubuhi, bei ya kuku inapanda mpaka Singida. Kuku wangu wameliwa na mabalozi, wameliwa na mawaziri, na kuna mfalme mmoja wa nchi ya mbali aliyeirudisha ndege kutoka angani kwa sababu ya kidari alichokisahau mezani. Sisemi kwa kujisifu. Nasema ili atakayeiona barua hii ajue haikuandikwa na mtu wa kuokoteza, na akijua ulipo akufikishie.

Nimeiandika wazi kwa sababu simu yako haipatikani tangu masika ya mwaka jana. Anayechapa ni binti wa steshenari. Nimemwambia asinirekebishe, darasa la tano la zamani linatosha. Amesema ataiweka mtandaoni watu waisambaze. Basi na waisome. Nimechoka kuongea na wewe kichwani mwangu huku mikono imejaa manyoya.

Unakumbuka siku uliyokuja mjini? Ulishuka kwenye basi la Lindi na begi la shule, umemaliza kidato cha nne, kwapani jogoo aliyetumwa na mama yako, dada yangu Somoe. Miguu ya jogoo imefungwa kwa kipande cha khanga. Nikakwambia mbele ya wapagazi, "Huyu nikimfungua hapa, keshokutwa yuko Lindi kwa miguu yake. Babu yake alifanya hivyohivyo mwaka wa mafuriko."

Ukaniangalia. "Rufiji alivuka vipi, mjomba?"

"Kwa daraja."

"Mwaka wa mafuriko daraja lilikuwa halijajengwa."

Wapagazi wakaangua kicheko. Ikabidi nikwambie alipanda kivuko, nauli akalipiwa na mtetea mmoja mjane aliyekuwa anatokea Kibiti. Ukafikiri, ukasema, "Hapo sawa." Wengine walikuwa wananisikiliza kwa adabu tu, mjomba. Wewe ulinisikiliza kwa kutaka kujua. Toka siku ile tukawa tunaitana mjomba kwa mjomba, na mimi nikawa naziandaa hadithi zangu vizuri zaidi, maana nilijua kuna mtu atauliza habari ya daraja.

Nikakufundisha kazi. Kisu kinolewe mpaka kikate unyoya unaoelea. Kuku asikione. Mwelekeze kibla. Jina la Mungu kwanza, mkono baadaye, mara moja tu. Mimi baada ya lile jina huwa naongeza dua yangu ndefu ya chinichini, ile niliyorithi kwa babu, na unajua jinsi wateja walivyokuwa wanaipenda. Mama Zuhura mamantilie alikuwa akisema, "Kuku wa mzee huyu hata umchemshe kwa chumvi tupu, ana ladha ya baraka." Wewe hukuwa na dua ndefu. Ulikuwa unayasema yale maneno machache yanayotakiwa, polepole, kama unayemwambia kuku mwenyewe. Baada ya miaka miwili watu wakawa wananipita mimi. "Namtaka Bakari, ana mkono mwepesi." Sikuona wivu. Mwalimu haoni wivu.

Miaka minane ulichinja hivyo. Halafu ikaja ile asubuhi.

Matenga yalikuwa yanashushwa kutoka kwenye lori. Ukaja, "Shikamoo mjomba," nikaitikia marahaba, nikakuona umekiweka kisu juu ya jiwe la kunolea na hukichukui tena.

"Leo chinja wewe, mjomba. Mimi ninyonyoe."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Lile jina silisemi tena kwa kweli."

Sikukuelewa. Nikadhani umegombana na mtu msikitini. Nikakuuliza nani amekutia maneno, ni vitabu vile vinavyouzwa kando ya lami au ni simu. Ukasema, "Hakuna aliyenitia maneno. Jana usiku nilikuwa naomba, nikagundua naongea peke yangu. Nimejaribu mpaka alfajiri, imani haijarudi."

Nikacheka. Nilicheka kwa woga, lakini nilicheka. Nikakwambia, "Sasa mimi nimekuomba moyo? Lisemee mdomoni, kuku afe, watu wale."

Ukasema neno ambalo mpaka leo nikinoa kisu linakuja. "Wanakula kwa kuniamini, mjomba. Siwezi kuwafanyia hivyo."

Ukavuta kigoda ukakaa na Mathayo, mnyonyoaji wetu, kwenye pipa la maji ya moto. Hukupiga kelele, hukumhubiria mtu, hukusema dini za watu ni uongo. Mwezi mzima ukanyonyoa, na hakuna aliyejua ila mimi. Ungeweza kunyamaza hivyohivyo mpaka uzeeni. Wangapi wamenyamaza hapa mjini? Ila Mama Zuhura alikuja na kuku wake watano wa shughuli.

"Anichinjie Bakari."

"Mchinjaji ni mjomba, mama."

"Mjomba wako nampenda, lakini ile dua yake na haraka niliyonayo haviendani. Nichinjie wewe. Una nini siku hizi, umeota mkono mwingine?"

Nilikukonyeza. Nilikukanyaga mguu. Ukamjibu kwa upole, "Mama, mimi sina imani siku hizi. Nikichinja mimi, kwako haitakuwa halali."

Sijawahi kusikia soko lile kimya. Hata kuku walinyamaza, na hili si chumvi yangu. Kisha Mama Zuhura akauliza, sauti imemkauka, "Tangu lini?"

Hilo ndilo lililokumaliza. Tangu lini. Niliwaona watu wanahesabu midomoni: kuku wa Idi, kuku wa akika, kuku wa mgonjwa. Ukawaambia siku uliyoacha kuamini ndiyo siku uliyoweka kisu chini, hata kuku mmoja hajapita katikati. Ilikuwa kweli, mimi shahidi. Hawakukuamini. Muuza mayai akasema, "Mtu asiyeamini ataaminiwaje?" Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa kuwa kwa Kiswahili inasikika vizuri. Nimelifikiria sana jambo hilo, mjomba. Lugha yetu yenyewe ilikuwa imeshakuhukumu. Mwaminifu ni mwenye kuamini, na mtu mbaya tunamwita hana dini. Wewe ulikuwa mwaminifu kuliko soko zima na hukuwa na neno la kujitetea nalo.

Mathayo naye. Alipokusikia alifurahi, akakupigapiga begani. "Bwana asifiwe, karibu kwetu basi, sisi hata kibla hatutafuti." Ukamwambia na huko pia hapana. Akacheka akidhani utani. Alipoona si utani akakisogeza kigoda chake, taratibu, kama anayekwepa moshi. Mathayo huyo ambaye miaka yote anabishana na sisi kuhusu kila kitu. Siku ile msikiti na kanisa walipatana Kariakoo, na waliyepatana juu yake ni wewe.

Hakuna aliyekupiga. Hilo watu hulisema sana. Juzi kijiweni kwa muuza kahawa yaliibuka mazungumzo: eti asiyeamini anaonewa katika nchi hii? Wote wakasema hapana, hapa kwetu hakuna ubaguzi, kila mtu na dini yake. Nikakishika kikombe changu nikaona nimechoka. Kila mtu na dini yake. Na asiye nayo akae wapi? Muuza kahawa huyohuyo ndiye aliyekutengea kikombe chenye ufa, peke yako, akikiweka mbali na vingine kwenye ndoo. Polisi hawakuja, mahakama haikukuita. Watu wakawa wanasalimia, "Asalaam aleikum," wakizungusha macho kwa kila mtu, wakifika kwako macho yanaruka kama yanavuka dimbwi. Mama mwenye nyumba wako Buguruni akakitaka chumba ampe mjukuu wake, na mjukuu mwenyewe bado alikuwa tumboni. Kama huko ndiko kutokuonewa, basi kwa kweli hukuonewa. Uliachwa tu.

Na sasa lile ambalo mimi nilifanya.

Wazee wawili wa mabanda walikuja Ijumaa, kabla ya swala. Walikuja kwa heshima. Wakauliza, "Huyu kijana ni wako?"

Wewe unajua kwetu kusini. Mtoto wa dada ni wa mjomba. Ukiiba, wanamfuata mjomba. Ukioa, anasimama mjomba. Swali lile lilikuwa na jibu moja tangu enzi za babu, na wale wazee walilijua kwa kuwa mmoja wao ni Mmwera wa huko kwetu. Kama ningesema, "Ni wangu, na kuku wenu nachinja mimi," wangenung'unika wakaondoka. Nilikuwa na hayo maneno. Mimi, niliyewahi kumjibu simba akageuka akaenda zake.

Nikasema, "Ni mtoto wa dada yangu. Lakini ana baba yake."

Ulikuwa nyuma yangu unaosha mikono. Baba yako hujawahi hata kumwona. Ukajifuta, ukaivua aproni, ukaikunja vizuri kama unaiweka kabatini, ukasema, "Sawa, mjomba. Shikamoo." Ulinipa shikamoo ukiniaga, Bakari, na mimi sikuitikia, kwa sababu wazee walikuwa wananiangalia.

Nikadhani utarudi jioni.

Mama yako alikuwa anapiga simu kila Ijumaa kuuliza kama umeonekana. Miguu imemvimba, hatembei mbali na uwanja wake. Mwezi uliopita aliniuliza, "Siku wale wazee walipokuja, kaka, wewe ulisema nini?" Nikamwambia nilisema mengi. Akakata simu. Tangu hapo hapigi. Nilipompigia mimi, akasema maneno haya, nami nayaweka hapa kama alivyoyasema: "Mwambie sahani yake ipo. Sitamuuliza anaamini nini. Nitamuuliza amekula nini."

Somoe huyo hakosi swala tano. Ikiwa yeye ameweza, mimi nani?

Mimi naamini, Bakari, usinielewe vibaya. Nitakufa naamini, na nitaendelea kukuombea, hata kama itakuudhi. Sina elimu ya kubishana na wewe. Lakini kigoda chako bado kipo. Mathayo amewahi kukikalia mara moja, akainuka mwenyewe. Njoo unyonyoe, au usinyonyoe, kaa tu. Wazee wakija tena kuuliza wewe ni wa nani, safari hii nitajibu sawasawa. Na kama hapa hutaki tena kupaona, sikulaumu. Nenda Lindi. Nenda ukale kwa mama yako.

Ile shikamoo yako bado ninayo, haijaitikiwa. Marahaba, mjomba. Marahaba sana.

Limebaki jambo moja dogo, na binti wa steshenari ameshaanza kucheka kabla sijamaliza kulisema. Ile dua yangu ndefu. Lile jina la Mungu nalisema, kamili na kwa moyo, kwa hiyo wateja wangu wasinishike shati. Lakini yanayofuata babu hakunirithisha. Madrasa nilitoroka kabla ya kumaliza herufi. Yale ninayonong'ona kwa macho yaliyofumbwa ni vituo vya basi la Lindi: Mchinga, Kiranjeranje, Nangurukuru, Somanga, Ikwiriri, Kibiti, Mkuranga, Mbagala.

Na wewe ulijua. Ulikuwa na wiki ya tatu tu mjini, Mama Zuhura amesimama pale ameinamisha kichwa kwa unyenyekevu, ukaniinamia sikioni: "Mjomba, Nangurukuru umeiruka." Miaka minane ukaninyamazia. Hata siku wanakuuliza tangu lini, nami niko kimya, ungeweza kunionyesha kidole. Hukunionyesha.

Siku hizi siiruki. Naanzia Mbagala, narudi nyuma kituo kwa kituo, mpaka Lindi.

Ni mimi mjomba wako, mwenye wewe.